Mlio wa Heshima

Iko nchi moja, siyo hii yetu, wala siyo ile ya jirani uliyoifikiria sasa hivi. Iko mbali. Watu wake ni wapole, na barabara zake ni nzuri sana kila mahali viongozi wanapopita. Haya ninayoyaandika niliyapata kwa mtu aliyeishi huko, na sina sababu ya kumtilia shaka, kwa kuwa alipokuwa akinisimulia hakucheka hata kidogo.

Watu wa nchi ile wanaongozwa na adabu. Adabu yao kubwa kuliko zote ni kwamba mdogo hamtangulii mkubwa katika jambo lolote. Mtoto hapeleki mkono kwenye sinia la wali kabla ya baba. Karani hafungui mwavuli kabla ya bosi wake, na kwa kuwa mabosi wengi huwa vikaoni mvua inaponyesha, msimu wa masika utaikuta ofisi nzima imesimama uani, imelowa chapachapa, miavuli kwapani, inangoja. Hakuna anayelalamika. Wakipata mafua wanaangaliana kwanza nani aanze kupiga chafya.

Kwetu mambo hayo hayapo, ndiyo maana nimeona niyaandike.

Magari ya kisasa yalipoanza kuingia katika nchi ile, yalikuja na tabia ambayo madereva hawakuitegemea. Mtu akikaa bila kufunga mkanda, gari lililia: ti, ti, ti, ti. Halikutukana wala halikupiga kelele. Lilikumbusha tu. Lakini madereva wale walikuwa watu wazima wenye leseni, na hakuna mtu mzima anayependa kukumbushwa na kitu alichokinunua mwenyewe.

Dereva mmoja wa lori alisimama katikati ya daraja, akaliuliza lori lake mbele ya mashahidi kama limewahi kuendesha hata baiskeli. Mwalimu mmoja alifungulia redio mpaka mlio ukazama, akazoea hivyo, akawa hasikii tena hata honi ya treni. Mama mmoja muuza vitambaa alisema mkanda unakunja gauni, na mtu akiingia harusini na mkunjo unaotoka begani hadi kiunoni, watu wataulizana alikuwa amefungiwa wapi. Wengi zaidi waliupitisha mkanda nyuma ya mgongo, wakaufunga huko, wakakaa mbele yake, gari likaridhika. Na abiria aliyethubutu kujifunga ipasavyo, dereva alimtazama kwa huzuni akamuuliza amemkosea nini.

Wauza vipuri waliona njia. Walileta kiulimi, yaani kile kipande cha chuma kinachochomekwa kwenye kifungio, ila hiki hakina mkanda wake. Unakichomeka, gari linaamini umejifunga, linanyamaza, nawe unaendelea na safari yako. Viliuzwa kwenye taa za barabarani pamoja na karanga na miwani ya jua. Vilikuwa zawadi nzuri kwa wakwe.

*

Kisha likaja gari la Mtukufu.

Mtukufu ndiye aliyekuwa mkubwa wa wakubwa wote wa nchi ile. Nchi rafiki ilimpa zawadi ya shangingi jeusi, refu, lenye kulia hata kwa ajili ya viti vya nyuma. Gari lake la zamani halikuwa na tabia hiyo.

Siku ya kwanza aliketi mahali pake pa siku zote, nyuma ya dereva, upande ambao wananchi hupangwa kupunga mikono. Hakufunga mkanda. Maisha yake yote hakuwahi kufunga, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna kitu kinachofungwa. Gari likawashwa. Ti, ti, ti, ti.

Mtukufu aliuliza ni nini hicho.

Dereva wake alikuwa Mzee Ngwali, mtu mkimya aliyekaribia kustaafu. Alifungua mdomo ili ajibu. Lakini ubavuni mwake alikaa Bwana Mkwachu, Mkuu wa Itifaki, ambaye kazi yake ilikuwa kujibu kabla ya wanaojua.

"Ni heshima yako, Mtukufu," alisema Bwana Mkwachu. "Gari limekutambua."

Mtukufu alinyooka kitini, akaweka mkono kifuani, akausikiliza wimbo wake mpaka ulipokatika. Wanasema machozi yalimlengalenga. Alikuwa ametawala miaka mingi, ameimbiwa na kwaya za shule, na vikundi vya akina mama, na bendi ya polisi, lakini hao wote walikuwa wameambiwa waimbe. Hili lilikuwa gari, tena la ugenini, na hakuna aliyeliambia kitu.

Wiki hiyohiyo fundi aliyekuwa akisafisha viti aliufunga ule mkanda wa nyuma ili usichafuke, akasahau kuufungua. Mtukufu akaingia, gari likakaa kimya. Akauliza nani amemnyima heshima yake. Fundi alihamishiwa kituo cha kuhesabu nyumbu, kule mpakani, na mkanda ule haukufungwa tena.

*

Bwana Mkwachu hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani. Alitoa tamko redioni, nami nitaliandika kwa ufupi kwa sababu lenyewe lilikatiza taarifa ya habari, mchezo wa mpira na adhana. Alisema utafiti wa kina umebaini kwamba mlio wa gari ni heshima, na heshima haitolewi ovyo. Tangu siku ile mlio kamili ungekuwa wa Mtukufu peke yake. Mawaziri wangeruhusiwa mlio wa chinichini. Gari la mwananchi wa kawaida likisikika linalia, mwananchi huyo atahesabiwa kuwa amejipa cheo.

Utasema basi si wangefunga mikanda tu, magari yanyamaze. Utasema hivyo kwa sababu wewe ni wa nchi nyingine. Mtukufu hakuwa amefunga mkanda. Waziri angefungaje kabla yake? Mkurugenzi angemtanguliaje waziri? Baba nyumbani angemtanguliaje mkurugenzi, na mtoto angemtanguliaje baba? Mikanda ya nchi nzima ilibaki ikining'inia, ikimngoja mtu mmoja, na mtu huyo hakujua kwamba anangojwa.

Kwa hiyo wakachomeka viulimi. Askari wa trafiki walisimama barabarani kukagua, na gari lililopita kimya, watu wake wote wakiwa hawajajifunga mikanda, lilipigiwa saluti.

Ajali ziliendelea kama kawaida, ila sasa zilikuwa na maana. Waliopona walitoka na uvimbe kwenye paji la uso, pale lilipokutana na kioo, na uvimbe huo ukawa alama ya mtu mwenye adabu. Wazazi wenye mabinti waliuulizia kabla ya kupokea posa. Mgombea mmoja wa udiwani aliyekuwa na paji laini alishindwa vibaya sana, ingawa inasemekana alikuwa ametengeneza daraja. Kuhusu waliokufa, redio ilitangaza kwamba wamefariki kwa utaratibu.

*

Mzee Ngwali alikuwa na binti mmoja, Riziki, na hakuwa na mtu mwingine. Binti huyo alisomea mambo ya sauti katika chuo cha ufundi, akaajiriwa karakana ya magari ya Ikulu, ambako alizungumza kidogo hata wenzake wakadhani haijui lugha yao. Hofu yake ilikuwa moja na ilikuwa ya kila siku. Baba yake alikuwa anaendesha kwa mwendo wa msafara bila kushikwa na kitu chochote, na nyuma ya mgongo wake aliketi mtu mzito ambaye naye hakushikwa na kitu chochote.

Zamani Mzee Ngwali alikuwa mtu wa mkanda. Alijifunga hata akilisogeza gari kutoka juani hadi kivulini. Sasa mazoea hayo yalimletea aibu. Kila alipowasha gari mkono wake ulipanda wenyewe hadi begani, ukakumbuka, ukajifanya ulikuwa unakwenda kukuna sikio. Bwana Mkwachu aliona, akampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari, ambaye naye aliipenda kazi yake, alimwandikia dawa ya matone.

Jioni moja Riziki alimwandalia baba yake chai ya tangawizi, akakaa mbele yake, akaitafuta sauti yake mpaka akaipata.

"Baba, we funga tu. Nani atakuona?"

"Mkwachu yuko ubavuni. Anaona hata nikimeza mate."

"Basi mwambie Mtukufu mwenyewe. Wewe ndiye unayekuwa naye kila siku."

Mzee Ngwali alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Nimemwendesha tangu wewe hujaanza shule," alisema. "Nilichowahi kumwambia ni shikamoo, na siku moja nilimwambia tumefika. Kwa hilo la tumefika Mkwachu aliniita pembeni. Akaniambia anayejua kama tumefika ni Mtukufu."

"Sasa itakuwaje, baba?"

"Itakuwa hivihivi, mama. Nitaendesha taratibu."

Msafara haukuwahi kwenda taratibu, na wote wawili walijua. Riziki alimwongezea chai ingawa kikombe kilikuwa kimejaa. Ikamwagika mezani, wakashukuru kupata kitu cha kufuta.

*

Haukupita muda Mtukufu akawa na malalamiko. Wimbo wake ulikuwa mfupi. Gari lilimwimbia mpaka getini, kisha likachoka, kama yanavyochoka magari yote yasipojaliwa. Akataka wimbo mrefu, wenye vyombo vingi, usiokatika.

Kazi ikaletwa karakana, na karakana nzima ikamtazama Riziki.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na nadhani ndilo wazo zuri kuliko yote yaliyowahi kuzaliwa katika nchi ile. Aliona kwamba katika nchi nzima kitu kimoja tu ndicho kilichoweza kumwambia Mtukufu jambo, nacho ni gari lake. Kama wimbo unapigwa Mtukufu akiwa hajafunga mkanda, basi wimbo ugeuzwe. Upigwe mkanda ukifungwa. Mtukufu atafunga ili aimbiwe. Akishafunga yeye, waziri atakuwa huru kufunga, na mkurugenzi, na baba nyumbani, na mtoto. Na Mzee Ngwali ataupeleka mkono wake begani, na mara hii hautakwenda sikioni.

Aliitwa kwenye kikao cha wakubwa aeleze utaalamu. Chumba kilikuwa na meza ndefu, sambusa nyingi, na bwana mmoja aliyekuwa amelala kwa niaba ya wizara yake. Riziki alisimama, akasema neno lake la kwanza kwa sauti ndogo hata wakamwomba aketi, wakidhani amemaliza. Akasimama tena. Hakutaja ajali. Hakutaja usalama. Alisema tu kwamba ameona heshima ya sasa inapigwa mtu akiwa hajavaa chochote, wakati kila heshima ya taifa ina vazi lake. Nishani ina utepe wake. Jaji ana joho. Je, haingependeza Mtukufu avae ule mkanda kutoka begani hadi kiunoni, na akishauvaa ndipo apigiwe?

Yule bwana aliyelala aliamka ili awe amekuwepo.

Bwana Mkwachu alisimama, akafunga kifungo cha koti, na akazungumza mpaka sambusa zikapoa. Alisema mtaalamu huyu kijana amegusa moyo wa taifa. Alisema tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akitafuta uhusiano kati ya bega na kiuno, na leo umepatikana. Alisema mkanda siyo tena mkanda, ni mshipi wa dola, na anayeuona kama kitu cha kumzuia mtu asipige kichwa hana mapenzi na nchi yake. Wakapiga makofi. Wakapitisha.

Riziki alifanya kazi ile kwa furaha. Aliweka filimbi, zumari na ngoma za chini. Aliunganisha nyaya upya, wimbo uanze ulimi wa mkanda unapoingia kwenye kifungio. Kisha akafikiri juu ya Mtukufu: wimbo usije ukamwishia njiani, akachoka, akaufungua mkanda. Kwa hiyo akautengeneza usiishe. Ukifika mwisho ulirudi mwanzo bila mtu kuhisi mahali ulipoungwa, na ulijaza gari kiasi kwamba ndani yake usingesikia kitu kingine, labda mtu akusemee sikioni.

Usiku wa kuamkia uzinduzi alimpikia baba yake ndizi za nazi. Mzee Ngwali alikula, akamsifia, kisha akakaa kwenye kiti cha sebuleni kama aliyeshika usukani. Akapeleka mkono begani, akavuta mkanda ambao haukuwepo, akaufunga kiunoni, akapiga kidogo kifungio kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Naona bado nakumbuka," alisema.

*

Lakini Bwana Mkwachu naye alikuwa anafikiri.

Kikao kilikuwa kimepitisha kwamba Mtukufu avae mkanda. Hakikusema nani atamwambia auvae. Kumwambia mkubwa avae kitu ni kumwambia kwamba hajakivaa, na kumwambia hajakivaa ni kumwambia kwamba kuna jambo amepungukiwa. Bwana Mkwachu aliigeuza sentensi hiyo kila upande, akaipamba kwa maneno ya upole, akaianzia mwisho, na kila mara ilimrudia ikiwa na kosa lilelile. Asubuhi alimtuma mtu kwenye taa za barabarani.

Gari lilipoletwa uani, Riziki alikuwa amesimama na mafundi wenzake kwenye mstari. Alimwona Bwana Mkwachu akifungua mlango wa nyuma, akatoa mfukoni kiulimi kilichopakwa rangi ya dhahabu, akakichomeka mahali pa mkanda wa Mtukufu. Wimbo ukaanza papo hapo. Zumari zilipanda vizuri sana.

Mtukufu akaja, akausikia wimbo tangu kwenye ngazi, akafurahi, akaingia, akakaa. Mkanda ulikuwa unaning'inia nyuma ya bega lake kama siku zote. Watu wakapiga makofi.

Riziki hakupiga. Alimtazama baba yake kupitia kioo. Mzee Ngwali naye alimtazama. Mkono wake ulipanda mpaka begani, ukakaa pale kwa muda, halafu ukaenda sikioni.

Msafara ulikuwa unakwenda kuzindua barabara moja kwa mara ya tatu. Barabara hiyo ilikuwa nzuri, kwa hiyo walikwenda kwa kasi. Walipokaribia utepe, mtu wa gari la mbele aliona kwamba kwaya ya watoto imepangwa upande usio wa Mtukufu, akaamuru watoto wavushwe haraka, na gari lake likasimama ghafla ili wavuke. Mzee Ngwali alikanyaga breki vizuri, kama alivyofundishwa ujanani. Gari liligusa la mbele kidogo tu. Taa moja ilipasuka. Watoto hawakuguswa.

Ila Mtukufu, ambaye hakushikwa na kitu, aliendelea na safari ndani ya gari. Alimfikia Mzee Ngwali kwa nyuma, yeye na kiti, akambana kwenye usukani.

Walipofungua mlango Mtukufu alikuwa mzima, hana hata mchubuko. Wimbo ulikuwa unaendelea. Bwana Mkwachu, kwa upande wake, alitoka na uvimbe mkubwa sana kwenye paji, na wengi walimwonea wivu.

*

Tume iliundwa. Ilifanya kazi kwa uadilifu na ikagundua kwamba Mtukufu aliokolewa kwa sababu mbele yake palikuwa na mtu. Ikapendekeza kwamba kila kiongozi apewe mtu wa kukaa mbele yake, mwenye mgongo mpana kadiri bajeti itakavyoruhusu. Haikuandika lolote juu ya mikanda, kwa kuwa mashahidi wote waliohojiwa walikuwa wadogo, na mkubwa alikuwa hajalizungumzia.

Liko jambo lililoichelewesha tume, nalo lilijadiliwa kwa uchungu. Mzee Ngwali alikufa, na Mtukufu yu hai. Je, dereva huyu hakumtangulia mkubwa wake? Wengine walisema ni utovu wa adabu ulio wazi, asizikwe kwa heshima. Bwana Mkwachu ndiye aliyewatuliza. Alisema marehemu hakutangulia kwa hiari, alisukumwa, tena alisukumwa na Mtukufu mwenyewe, na anayesukumwa na mkubwa wake ametii. Wakakubali. Mzee akazikwa kwa heshima.

Matanga yalikuwa na watu wengi. Riziki alikaa kwenye mkeka na wanawake wa mtaani, na kila aliyemshika mkono aliukuta wa baridi. Siku walipokuwa wakianua matanga, gari la serikali lilisimama nje. Bwana Mkwachu akaingia na bandeji yake, akawapa wafiwa pole ya taifa, kisha akatangaza kwamba Mtukufu, kwa huruma yake, hataki familia hii ipoteze nafasi iliyopata. Kiti cha Mzee Ngwali kinarithiwa na binti yake. Ataanza Jumatatu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Jirani mmoja alimkumbatia Riziki akamwambia baba yake angefurahi. Riziki alisema asante. Katika nchi ile hakuna neno jingine la kujibu mkubwa akishakupa kitu, na hata kama lingekuwepo, yeye asingeweza kulitoa mbele ya watu wote wale.

Ila aliporudi kukaa kwenye mkeka aliamua jambo. Baba yake alikuwa na maneno mawili kwa miaka yote ile. Yeye angekuwa na la tatu. Angemgeukia Mtukufu, siku ya kwanza kabla ya kuondoa gari, angemwambia afunge mkanda. Wamfanye watakalo, wampeleke kwa nyumbu. Aliyafanyia maneno hayo mazoezi jikoni huku maji yakichemka, ili ajizoeze kusema palipo na kelele.

Jumatatu alikaa kwenye kiti cha baba yake. Kilikuwa kimewekwa kipya, lakini kilisogezwa nyuma kwa kipimo cha baba yake, mtu wa miguu mirefu, na Riziki ilimbidi akivute mbele ndipo afikie kanyagio. Bwana Mkwachu aliketi ubavuni. Mtukufu akaja. Kiulimi cha dhahabu kilikuwa mahali pake na zumari zilikuwa tayari zinalia.

Mtukufu hakuwa mtu mbaya. Hilo yule aliyenisimulia alilirudia, na ni hilo lililomliza. Aliinama mbele, karibu na sikio la Riziki, akauliza kwa upole kama yeye ndiye binti wa Ngwali.

"Ndiye mimi, Mtukufu. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako alikuwa mtu mzuri. Hakuwahi kunisumbua na jambo."

Mtukufu akarudi kuegemea kiti, zumari zikapanda kati yao, ndipo Riziki alipogeuka. Hakuna dereva aliyewahi kugeuka katika gari lile. Bwana Mkwachu alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mtukufu," alisema Riziki, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuisikia, "naomba ufunge mkanda. Tunakungoja. Sote tunakungoja wewe ndipo tufunge."

Mtukufu alimtazama kwa mapenzi kama ya babu. Aliona midomo inacheza, akaona macho yamejaa maji, akaelewa kwamba binti ameguswa na wimbo. Aliinua kidole polepole, bila hasira.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema. "Wimbo wangu haujaisha."

Akanyooka kitini, akaweka mkono kifuani.

Riziki alisubiri. Bado alikuwa amegeuka, mdomo wazi, na neno lake liko palepale. Filimbi zilifika mwisho, zikarudi mwanzo, na hakuna aliyehisi mahali zilipoungwa. Getini walinzi walisimama wima. Magari ya mbele yakawasha ving'ora. Bwana Mkwachu akamwonyesha barabara kwa kidevu.

Akageukia usukani, akaondoa gari.